Maji ya kuwindia wakati wa joto: tikisa kabla ya kununua

Tangu joto lianze wasomaji wananiuliza jambo lile lile: chupa gani inatunza ubaridi zaidi? Hakuna anayeuliza ipi inanyamaza. Mtu anapima upepo, anachagua pa kukanyaga, kumbe mgongoni chupa iliyofika nusu inapiga chwa, chwa kila hatua. Mnyama akishasikia, ubaridi wa maji una faida gani?

Tena wengi wakichoshwa na kelele hizo huiacha chupa garini, na hapo ndipo hatari. Kutembea juani kunataka kikombe kimoja, kama mililita 240, kila dakika 15 hadi 20, bila kuzidi kama lita 1.4 kwa saa.

Kinachopiga kelele ni hewa inayoingia mahali pa maji uliyokunywa. Kwa hiyo namba moja kwangu ni mfuko laini wa maji wenye mrija, maana unasinyaa kadiri unavyonywa. Ukiujaza, ugeuze juu chini, nyonya hewa kwa mrija mpaka maji yaje. Mimi ni mtu wa HydraPak, kampuni ya mifuko hii, sifichi. Mfuko wao wa Shape-Shift umegawanywa katikati ili maji yasiyumbe sana, na unaweza kuupindua ndani nje ukaukausha, ukungu ukakosa pa kuota. CamelBak, kampuni nyingine, nayo haina ubaya, ila moyo wangu hauko huko. Maji yanayobaki mrijani hupata moto upesi. Ukimaliza kunywa, puliza yarudi mfukoni.

Namba mbili, chupa ya plastiki ya Nalgene ya lita moja. Ni ngumu, na unaona maji yaliyobaki, jambo ambalo mfuko uliofichwa ndani ya begi haukupi. Lakini inachezesha maji, na ule ukanda wa mfuniko hugongagonga mpaka uufunge kwa utepe.

Chupa ya chuma ya kuta mbili ni nzito, na ikigusa bunduki inalia kama kengele. Ibaki garini. Chupa tupu ya soda? Ijaze maji; kila ukinywa, minya hewa, funga, nenda.

Sasa wauzaji. Idadi ya lita wanaiandika kwa herufi kubwa, lakini mdomo wa kunyonyea, unaochakaa na kuvuja kabla ya kingine chochote, hawauweki dukani; wanataka ununue mfuko mzima upya. Na ukiomba chupa ijazwe nusu uitikise sikioni, unatazamwa kana kwamba umevunja adabu. Omba tu. Wakikataa, pesa ni zako.