Boksi jekundu limefika, dadu hazimo

Nimenunua boksi la zamani la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao mmoja anasimulia hadithi na wenzake wanaamua wahusika wao wafanye nini, kisha dadu zinaamua matokeo; boksi lile jekundu la 1983 lenye joka lililochorwa na Larry Elmore kwenye kifuniko, kutoka duka moja la mtandaoni linalouza michezo ya mitumba. Duka silitaji. Tangazo lilisema "kamili". Nimelipa hela ambayo mke wangu haijui hadi leo, nikasubiri wiki mbili au tatu kama mtu anayesubiri mgeni kutoka nyumbani. Limefika. Vitabu viwili vimo. Dadu hazimo.

Asiyejua ataona nalia bure. Boksi hilo lilikuja na dadu sita za plastiki, kuanzia ya pande nne hadi ya pande ishirini, na namba zake hazikuwa na rangi. Waliweka krayoni humohumo: unasugua nta juu ya dadu, unafuta, rangi inabaki ndani ya namba. Yaani hujaua hata zimwi mmoja, umeshakaa kitako unapaka rangi kama mtoto wa chekechea.

Mimi kazi hiyo niliifanya nikiwa na miaka ishirini na kitu, bwenini Wisconsin, baridi ya kwanza ya maisha yangu, makoti mawili ndani ya nyumba. Mwenzangu wa chumba aliniona sitoki, akavuta boksi lake kutoka chini ya kitanda. Mchezo ulichapishwa kwanza 1974 huko Lake Geneva, jimbo hilohilo, naye aliujivunia kama mtu wa Muheza anavyojivunia machungwa. Dadu zake nta ilikuwa imebanduka, akanipa nipake upya. Halafu akaanza kusimulia. Hadithi nimekua nazo, lakini bibi yangu ukimkatiza alikufinya. Huyu kafika mlangoni mwa pango, kanyamaza, kaniuliza, "Unafanya nini?" Nikamjibu, "Nimekaa tu." Alicheka mpaka akalala chini.

Basi niliwaandikia wale wa duka, kwa adabu zote. Mhudumu akanijibu mstari mmoja: dadu ni dadu, nunua nyingine, ni dola chache tu. Hata pole hakuna. Dadu ni dadu! Najua zinauzwa kila mahali, nyumbani ninazo bakuli zima. Sikuuliza zinauzwa wapi. Niliuliza za kwangu ziko wapi.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, niseme yote: mchezo wenyewe una matatizo. Mchawi anaanza na uhai wa dadu moja ya pande nne na uganga mmoja kwa siku. Akishautumia anabaki na kisu chake. Ukiwa mbilikimo, ubilikimo ndiyo kazi yako, huna nyingine. Kasisi wa ngazi ya kwanza hajui hata dua moja. Namba ya kinga ikishuka ndiyo umelindwa zaidi, nani alifikiri hivyo? Uhai ukifika sifuri umekufa. Na lile pambano la kwanza la kucheza peke yako! Unakutana na kasisi Aleena, anakutibu jeraha la nyoka, anakufundisha mambo, kisha mchawi mbaya Bargle anamuua kwa mshale wa uchawi na wewe huna la kufanya. Nimelirudia sijui mara ngapi, nikitumaini. Bargle namdai mpaka leo.

Binti yangu anacheza toleo la 2014. Huko ukianguka unarusha dadu kuona kama utapona. Aliposoma kanuni zangu aliuliza, "Baba, huu ni mchezo au adhabu?" Sikuwa na jibu. Lakini nilipokaa mezani kwao, kila kitu kizuri, kila kitu kina maelezo, nikajikuta naangalia saa.

Boksi nilikuwa narudisha. Nimeshalifunga kwa selotepu, nikalifungua tena kuhakikisha vitabu vyote vimo, ikadondoka karatasi ya mhusika wa mtu, ile unayoandikia uhai na mizigo ya mhusika wako. Penseli, mwandiko wa mtoto. Mwizi. Uhai nne, ikafutwa, ikaandikwa tatu, ikafutwa, mpaka karatasi imetoboka. Kwenye mizigo yake: kamba, mienge sita, mkate wa kumpa mbwa mwitu.

Selotepu nimeibandua. Duka linapata nyota moja, hapo sibadiliki. Au mbili, maana ile karatasi hawakuitupa, ingawa nina hakika hawakuiona. Hapana, moja. Boksi siliuzi, wala halirudi.

Na yule mhudumu, kama unasoma hapa: nimenunua dadu nyingine kama ulivyosema, na kweli ni dola chache tu. Zimekuja namba zikiwa zimeshapakwa rangi.