Alijua au alipanga? Calvin na Arminius

Mkunazini, Zanzibar, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa, Warumi 8:29, isemayo kwamba wale Mungu aliowajua tangu asili aliwachagua tangu asili, haisomeki kirahisi. Wafuasi wa Calvin, mwanatheolojia wa Kiprotestanti wa karne ya 16, husema Mungu huwachagua watakaookoka bila kutazama lolote ndani yao; sinodi ya Dort (mkutano wa kanisa huko Uholanzi), 1618–1619, iliushikilia msimamo huo. Wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi, hujibu: Mungu aliona tangu mwanzo nani ataamini, akamchagua huyo.

Msimamo wa kwanza unamtukuza Mungu, lakini aliyeachwa ana kosa gani? Dhambi yake mwenyewe, watasema. Hainitoshi: sote tuna dhambi. (Jirani zetu Waislamu nao wana mjadala wao wa kadari, na barazani hauishi.) Wa pili nao una fundo: kama ameshajua, naweza kufanya vingine? Hata hivyo naegemea huu, kwa kuwa 1 Timotheo 2:4 inasema anataka watu wote waokolewe.