TAHADHARI: Anayeuza "pentasi ya bluu" anatuma lantana

Wapenda maua, kuna muuzaji anapita mitandaoni akinadi miche ya pentasi ya bluu na ya njano, eti ni adimu, eti vipepeo watajaa bustanini. Jihadharini naye. Anataka alipwe hela zote kabla ya kutuma, na kinachofika ni lantana, kichaka cha maua kinachovamia pori. Mimi nilipomuuliza akanijibu kwamba rangi itakuja mche ukishazoea udongo, kisha akanizuia. Sasa ana akaunti nyingine, picha ni zilezile.

Hiyo bluu haipo. Pentasi (Pentas lanceolata), ambayo asili yake ni Afrika ya kitropiki hadi Yemen, hutoa maua meupe, ya waridi, mekundu au ya zambarau. Zambarau iliyopauka hugeuzwa bluu kwenye simu mara moja. Njano ndiyo haipo kabisa!

Picha ya kipepeo aliyetua kwenye ua isikubabaishe, kwani vipepeo hufyonza nekta ya lantana vilevile. Mwambie apige picha ya karibu ya kifundo, pale majani mawili yanapokutana na shina. Pentasi ni ya familia moja na mkahawa, na hapo kati ya majani huwa na vijinywele vyembamba vilivyosimama. Lantana haina. Shina lake ni la pembe nne, mara nyingi lina vimiba. Jani linakwaruza, na ukilisugua linatoa harufu kali. Shada lake moja huchanganya rangi kwa sababu kila ua hubadilika likizeeka. La pentasi ni vinyota vya ncha tano, kwa kawaida vya rangi moja.

Hela inauma, lakini hili linauma zaidi: lantana ilitoka Amerika ya kitropiki, ndege hula vitunda vyake vyeusi na kuisambaza porini, na imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani. Ng'ombe akila majani yake, ini huharibika.

Mbegu za muuzaji huyo nazo achana nazo. Mbegu za pentasi ni kama vumbi. Anazotuma yeye unazihesabu kwa vidole.

Kama mzigo umeshafika, usiutupe kwenye mboji wala kando ya njia, maana lantana huchipua hata kwa kipande cha shina. Kausha kabisa au choma. Na piga picha za mazungumzo yenu na risiti ya malipo mapema, kabla hajafuta kila kitu.