Bima kubwa ya IST yangu, na yule kaka wa dirisha la madai

Ukitaka kuijua kampuni ya bima usipite mlango wa mauzo. Huko kuna kiyoyozi, kuna maji ya chupa ya baridi, na kuna binti anayekuita "mpendwa" kabla hujasema shida yako. Wewe panda ghorofa ya madai, kaa kwenye yale mabenchi saa nzima, uwasikilize watu wanavyojibiwa. Kampuni yangu sitaitaja jina, sitaki kuitwa mahakamani na hela ya wakili sina. Ila wanaokata bima Dar wakisoma hadi mwisho watawahisi watatu wanne, na wala sitashangaa wakiwa sahihi wote.

Naandika kwa sababu kila siku naulizwa: bima gani ya gari ni ya bei rahisi? Jamani, bei yenyewe haipishani sana. TIRA, mamlaka inayosimamia bima, imeshaweka kima cha chini. Bima ndogo ya gari binafsi, ile inayomlipa uliyemgonga tu, ni laki moja, weka VAT ya asilimia 18, unapata 118,000. Kata Kariakoo, kata Karatu, ni hiyo hiyo. Bima kubwa, inayobeba na gari lako mwenyewe, kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, nayo unaongeza VAT. Gari langu, Toyota IST, tulilithaminisha milioni 12, ikaja 495,600. Sasa akitokea wakala anakwambia "dada nakufanyia bei poa", jiulize hiyo poa ameitoa wapi, maana kuna kitu amekipunguza na hakuambii.

Wa kwanza niliyempata alitaka tuandike gari ni la milioni 9. Malipo yangeshuka hadi 371,700, yaani karibu laki na robo inabaki kwenye pochi. Nilikataa, kwa sababu nilishaona yaliyompata jirani yangu wa Goba. Gari la milioni 12, kwenye bima limeandikwa milioni 9, likapata ajali ya kutengeneza kwa milioni 4. Kampuni ikapiga hesabu ya uwiano: umekatia robo tatu ya gari, basi na sisi tunabeba robo tatu ya hasara. Akaandikiwa milioni 3, na humo wakatoa tena mchango wake mwenyewe. Alikaa barazani kwake siku ile hasemi na mtu.

Basi nikaenda kwa wakala wa pili. Kijana mstaarabu, "shikamoo mama" nyingi, kila kitu WhatsApp. Nikamuuliza jambo moja tu, nikalirudia: mtoto wa kaka yangu analiendesha gari mara kwa mara, ana leseni lakini ni mpya, bima inamgusa? Akanijibu kwa sauti ninayo mpaka leo kwenye simu: "Mama ondoa shaka, ni kubwa hii, inamgusa yeyote mwenye leseni halali." Fomu ya maombi akaijaza yeye mwenyewe kwenye simu yake. Mimi nililetewa stika na risiti. Kitabu cha masharti sikukiona. Hiyo stika nikaihakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, ikasoma jina langu, tarehe na aina ya bima, nikalala usingizi. (Hilo la kuhakiki lifanye hata kama wakala ni shemeji yako. Stika feki zipo.)

Ajali yenyewe haina hadithi ndefu. Ilikuwa mwaka jana, baada ya Pasaka kama sikosei. Mtoto wa kaka yangu amesimama kwenye taa za Mwenge, taa nyekundu, mguu kwenye breki, Coaster, basi dogo la abiria, ikaja nyuma ikampiga. Bampa la nyuma chali, mlango wa buti umeingia ndani, taa ya kushoto imebaki waya. Konda akashuka na elfu hamsini mkononi: "Mdogo wangu tuyamalize hapa hapa, tusipotezeane muda." Kijana akanipigia, "Shangazi, nichukue?" Nikamwambia asiiguse hata noti moja, na gari lisisogee mpaka trafiki afike. Trafiki akafika, akapima, akachora ramani, dereva wa Coaster akaandikiwa kosa lake palepale. Kituoni wakalikagua gari, fomu ya polisi ya ukaguzi, PF 93, ikatoka. Mpaka hapo nilijiona mtu mwenye bima.

Sasa ndiyo nikaenda kwa yule kaka wa dirisha la madai.

Amekaa nyuma ya kioo, umri wa mwanangu wa pili, shati limepigwa pasi vizuri kabisa, simu imeegemezwa kwenye stepla inaonyesha mpira. Shikamoo hakunipa. Akachukua makaratasi yangu, akayapekua kwa kidole kimoja, halafu jicho likiwa kwenye simu akauliza, "Nani alikuwa anaendesha?"

"Mtoto wa kaka yangu."

"Leseni ya lini?"

Nikamwambia. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, na uso ukamchangamka kama wa mtu aliyeokota elfu kumi njiani.

"Haina miaka miwili hii. Eksesi mara mbili."

Kwa wasioijua, eksesi ni ile hela unayochangia mwenyewe kabla kampuni haijatoa ya kwake. Kwangu mimi kumbe ni asilimia 10 ya madai, isipungue laki mbili na nusu. Dereva akiwa na leseni chini ya miaka miwili inazidishwa mara mbili. Matengenezo yalikadiriwa 1,400,000. Asilimia 10 yake ni 140,000, haifiki kima cha chini, kwa hiyo ni 250,000, mara mbili laki tano. Yaani kwenye bima niliyolipia karibu laki tano, natakiwa niweke laki tano nyingine, kwa ajali ambayo gari langu lilikuwa limesimama!

Nikamwambia hivyo hivyo: kaka, gari lilikuwa limesimama, taa nyekundu, tumegongwa, polisi wameandika. Akanijibu, "Hata lingekuwa limezimwa, mradi yeye ndiye yuko kwenye usukani." Haya, labda ndiyo sharti lilivyo, sibishani na karatasi. Lakini akaongeza, na hili ndilo lililonifanya niandike yote haya: "Na wewe mama, unampaje mtoto gari?"

Mbele ya watu. Benchi zima likasikia. Mzee mmoja aliyekaa na faili lake akaguna kwa niaba yangu.

Mtoto ana miaka ishirini na mitatu! Amesoma udereva VETA, leseni amepewa na serikali hii hii iliyowapa nyinyi kibali cha kuuza bima. Swali la gari langu nimpe nani sikuulizwa nilipokata bima. Nikadai nionyeshwe hilo sharti. Akanitolea kitabu, Kiingereza mwanzo mwisho, herufi za kuhitaji miwani, akanipigia mstari kwa kalamu nyekundu ukurasa wa huko ndani. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukishika kitabu cha bima niliyoilipia miezi mingi nyuma. Nikamwekea sauti ya wakala wao. Akasikiliza nusu, akasema, "Hayo kayamalizeni na wakala." Wakala wenu! Nembo yenu iko kwenye fulana aliyovaa!

Halafu akanirudisha nikalete PF 90. Kituoni nikaambiwa hiyo ni ripoti ya mwisho, inasubiri shauri la dereva wa Coaster liishe. Narudi kwake, anasema bila PF 90 hafungui faili. Kituoni, kwake, kituoni, kwake. Gari limekaa uani limefunikwa turubai, mimi napanda daladala za ndugu zake yule aliyenigonga.

Sasa niwe mkweli, maana hasira isinifanye nidhulumu. Faili lilipofunguka, mambo yalienda. Mkaguzi wao alikuja mwenyewe mpaka Goba, mtu mzima, mpole, akapiga picha, akalala chini kabisa kuangalia chesisi, akanionyesha palipopinda ambapo fundi wangu wa mtaani hakupaona. Gereji waliyonipeleka ni ya maana. Taa haikutoka Ilala kwa wauza vipuri vya mtumba ikiwa na alama ya gari la mtu mwingine, rangi imekubaliana na ya zamani hata juani, mlango wa buti unafunga kwa kidole. Siku naenda kulichukua nilikuwa tayari kuwasifu kwa kila mtu. Nilitaka hata kumpigia yule kaka nimsamehe.

Nikafika kaunta, wakaniomba laki tano kwanza ndipo nipewe funguo. Msamaha ukaishia hapo.

Na kuna hili, watu wengi hawalijui: aliyenigonga naye ana bima. Kampuni yangu ikishanitengenezea, ina haki ya kwenda kuidai kampuni ya Coaster gharama hizo, na mimi eksesi yangu inatakiwa idaiwe humo humo, kwa kuwa kosa si letu. Hiyo ndiyo faida hasa ya bima kubwa ukigongwa na mtu, unatengenezewa kwenu halafu wao wanasukumana wakubwa kwa wakubwa. Mwenye bima ndogo akigongwa vile, ajifunge kibwebwe aende mwenyewe kwa bima ya Coaster. Basi nikauliza, laki tano yangu iko wapi? "Tunafuatilia, mama." Nikauliza tena baada ya wiki kadhaa. "Tunafuatilia." Mpaka nilipoandika barua, nakala kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ajabu ni kwamba ghafla nikawa "mama yetu". Ilirudi laki mbili na nusu. Ile nyingine wanasema ni adhabu ya leseni changa, hairudi. Mimi nasema inarudi, maana aliyenigonga hakuangalia leseni ya mtu kabla ya kunigonga. Barua ya pili iko njiani.

Kwa hiyo ukiniuliza ukate bima gani, inategemea nani anashika usukani wako. Una kijana nyumbani, kabla hujalipa ulizia eksesi ya dereva mpya, upewe kwa maandishi, na jina lake liingie kwenye fomu. Wengine wanapunguza ukimtaja mapema, wengine hawapunguzi, ila angalau hutaaibishwa dirishani. Una Corolla ya zamani ya milioni tatu nne, unaenda nayo kanisani na sokoni, kata bima ndogo ulale. Ukigonga ukuta wako jitengenezee. Lakini ukae ukijua kuwa ikiibiwa au ikiungua, hiyo ndogo haina habari nawe.

Wa teksi za mtandaoni ndio nawahurumia kuliko wote. Kijana wa mtaani kwetu ameikatia Passo yake bima kubwa ya gari binafsi kwa sababu ya biashara ni ghali zaidi. Nimemwambia: siku ukigonga na abiria anayelipa nyuma, jambo la kwanza watakalomuuliza abiria ni "ulikuwa unaenda wapi, na umelipa shilingi ngapi?" Akishataja nauli, madai yako yameisha, matumizi siyo yaliyoandikwa. Ananijibu, "Shangazi, wote tunafanya hivyo." Wote, ndiyo. Na pale kwenye benchi niliwakuta wenzake.

Mwaka huu nimekata wapi? Palepale. Najua mtanicheka. Nilizunguka kwa wengine wawili, mmoja eksesi yake ya dereva mpya ni kubwa kuliko hii, mwingine hata gereji zao hawakutaka kunitajia. Hawa angalau nimewaona wakitengeneza gari. Ila safari hii nimepita kwa broka, anayesimama upande wa mteja, badala ya wakala wa kampuni, kitabu cha masharti nimekisoma kabla ya kutoa shilingi, jina la kijana limo, na leseni yake inatimiza miaka miwili kabla ya mvua za vuli. Nikipewa zile laki mbili na nusu zilizobaki nitabadilisha niliyoandika hapa juu, au nusu yake.

Yule kaka nasikia wamemhamishia tawi la Mwanza. Watu wa Mwanza, poleni sana, na mkienda dirishani msiseme gari alikuwa nalo mtoto wa kaka yenu.