Uzoefu wangu na bastola ya 1911: imepita miaka mia, je, bado ina kazi?

Tangu ndugu na marafiki wa hapa Texas wajue kwamba nina 1911, swali limekuwa moja: kwa nini uhangaike na bastola iliyobuniwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati madukani Glock, bastola za kisasa zenye fremu ya plastiki, zimejaa rafu nzima? Ni swali la haki na nataka kulijibu kwa kirefu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa kulenga na kufyatua, sijashika bastola inayoizidi. Na bado, mtu akiniambia anataka bastola moja tu ya kulinda nyumba yake, na hana muda wa kwenda uwanja wa shabaha kufanya mazoezi, namwambia asiinunue.

Yangu ni ya umbo kamili: mtutu wa inchi 5, chuma kitupu, vibao vya mti kwenye mpini, risasi za .45 (kipenyo cha karibu inchi 0.45), magazini ya risasi 7. Kampuni siitaji kwa sababu haibadilishi chochote katika haya. Hataza za John Moses Browning, aliyeibuni, zilikwisha muda mrefu, na leo viwanda vingi vinaitengeneza kwa mchoro uleule. Ninachokipima hapa ni huo mchoro.

Nianze na kifyatulio, maana ndicho kilichonifanya nitoe pesa. Katika bastola nyingi kifyatulio kinaning'inia kwenye pini na kuzunguka kidogo unapokivuta. Cha 1911 kinateleza moja kwa moja kwenda nyuma. Nyundo imeshakokiwa, yaani imevutwa nyuma tayari, hivyo kazi ya kidole ni moja tu: kuiachia. Unavuta ulegevu mdogo wa mwanzo, unakutana na ukuta, unaongeza nguvu kidogo, na kinakatika ghafla kama njiti ya kiberiti. Ukilegeza kidole kidogo tu, kinakuwa tayari tena. Bastola nyingi za plastiki zinakufanya uvute springi karibu njia yote, na hujui hasa ni wapi itaachia.

Kwa mtu anayejali shabaha, hapo ndipo penye kila kitu. 1911 tupu ina uzito wa kilo 1.1 hivi, na kifyatulio changu kinahitaji nguvu ya kama kilo 2. Glock 17 yenye magazini tupu ni kama gramu 700, na kifyatulio chake cha kiwandani ni karibu kilo 2.5. Kadiri nguvu ya kidole inavyozidi uzito wa silaha, ndivyo mdomo wa mtutu unavyoyumba sekunde ileile unayotaka utulie. Nikisimama mita 20 kutoka kwenye karatasi, tofauti hiyo naiona kwa macho: matundu ya 1911 yanabanana, ya bastola yangu nyingine yanatawanyika, na mpigaji ni yuleyule.

Watu wanaiogopa .45 kwa sifa zake. Risasi yake ya kijeshi ina uzito wa gramu 15 na inatoka kwa kasi ya kama mita 250 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti. Ni risasi nzito na ya taratibu. Ukiiweka kwenye chuma cha zaidi ya kilo moja, unachokipata mkononi ni msukumo mpana, mdomo wa mtutu unapanda na kushuka bila vurugu. Mke wangu, ambaye hakupenda kabisa kabastola kadogo ka 9mm tulikojaribu dukani, aliizoea hii upesi. Sababu ya pili ni mpini. Magazini ya 1911 hupanga risasi safu moja, kwa hiyo mpini ni mwembamba na kidole chake kinafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Katika bastola nyingi zenye magazini ya safu mbili, viganja vyake havienei.

Kilichomsumbua ni kuvuta slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza nyuma na mbele. Nyundo ikiwa chini, unapambana na springi mbili kwa pamoja, ya slaidi na ya nyundo. Dawa yake ni rahisi na nashangaa wauzaji hawaisemi: chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ikiwa tupu, koki nyundo kwanza kwa dole gumba, ndipo uvute slaidi. Inarudi kwa nusu ya jasho.

Historia yake inasaidia kuelewa kwa nini imekuwa ilivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walikuwa wakipigana na Wamoro kusini mwa Ufilipino, na maofisa wakalalamika kwamba rivolva zao za .38 hazimsimamishi mtu anayewajia mbio. Mwaka 1904 jeshi lilifanya majaribio chini ya maofisa wake Thompson na LaGarde, na ushauri ukawa kurudi kwenye kipenyo kisichopungua .45. Browning, fundi wa Ogden, Utah, akabuni risasi na bastola yake. Katika jaribio la mwisho zilifyatuliwa risasi 6,000; bastola ikipata moto sana inatumbukizwa majini, kisha kazi inaendelea. Ya Browning haikukwama hata mara moja. Ya mshindani wake, Savage, ilikwama mara 37. Tarehe 29 Machi 1911 jeshi likaipitisha, na ikabaki kiunoni mwa askari wao hadi mwaka 1985 ilipoingia Beretta ya 9mm.

Leo Ufilipino kuna kiwanda kikubwa, pale Marikina, kinachotoa 1911 kwa wingi na kuziuza hapa Marekani kwa bei ya mtu wa kawaida. Silaha iliyozaliwa kwa ajili ya kuwapiga Wafilipino sasa inawalipa mishahara Wafilipino. Na jambo jingine ambalo mafundi cherehani wa nyumbani wangependa kulijua: wakati wa Vita ya Pili kazi ya kuitengeneza iligawiwa viwanda ambavyo havikuwa vya silaha. Remington Rand, watu wa taipureta, walitengeneza nyingi kuliko wote. Singer, ileile ya cherehani za kanyagio za mtaani kwetu, ilitengeneza 500 tu, na wakusanyaji wa silaha leo wanazigombania kwa bei ya kutisha.

Sasa nije kwenye kuifungua, maana hapo ndipo nilipoelewa swali lenyewe la kama imepitwa na wakati. Unatoa magazini, unahakikisha chemba ni tupu, unaangalia mara ya pili. Chini ya mdomo wa mtutu kuna kifuniko kidogo cha springi. Unakibonyeza kwa dole gumba, unazungusha bushi iliyoushika mtutu, kisha unakiachia taratibu huku umekizuia, kwa kuwa springi ile ikikuponyoka inafika upande wa pili wa chumba. Unasogeza slaidi hadi kijipengo chake kikae sawa na pini ya kusimamishia slaidi, unaisukuma pini kutoka kulia, inatoka kushoto. Slaidi nzima inateleza mbele. Ukiutoa mtutu na kuugeuza, utaona chini yake kipande cha chuma chenye matundu mawili kinaning'inia, si kikubwa kuliko ukucha wa dole gumba. Hicho kiungo ndicho roho ya bastola.

Kazi yake ni hii. Juu ya mtutu kuna meno yanayoingia kwenye mifereji ndani ya slaidi, hivyo unapofyatua, mtutu na slaidi vinarudi nyuma vikiwa vimeshikana. Baada ya safari fupi, risasi ikiwa imeshatoka na msukumo wa gesi umeshuka, kiungo kinaivuta chini sehemu ya nyuma ya mtutu. Meno yanaachia. Slaidi inaendelea peke yake, inatupa ganda, inakoki nyundo, inarudi mbele na risasi mpya.

Haya chukua Tokarev ya Kirusi, au nakala yake ya Kichina, bastola iliyoenea sana Afrika. Ifungue. Kiungo kilekile kinaning'inia. Chukua Hi-Power, aliyoianza Browning mwenyewe kabla ya kufariki kiwandani Ubelgiji mwaka 1926, na mbunifu wa Kibelgiji Dieudonné Saive akaimaliza ikatoka mwaka 1935: kiungo kimeondolewa, mkato wa mshazari chini ya mtutu unafanya kazi ileile. Chukua Glock iliyoingia jeshi la Austria mwaka 1982. Mtutu unarudi, unainama, unaachia. Kwa hiyo anayeniambia 1911 imepitwa, halafu anatoa Glock yake kiunoni, amebeba wazo la Browning bila kujua. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu ni fundi aliyefanya kazi bila kompyuta, kwa penseli na tupa, na mchango wake unafaa kutajwa kila bastola inapotajwa.

Lakini mchoro kuishi ni jambo moja, na bastola hii hasa kukufaa wewe ni jambo jingine.

Risasi 7 na moja chembani ni chache. Bastola ya kisasa iliyo nyepesi kuliko hii inabeba 15 au 17. Risasi za .45 pia ni ghali kuliko za 9mm, na risasi ghali maana yake ni mazoezi machache. Hata ile hoja ya zamani kwamba .45 ndiyo pekee inayomsimamisha mtu imepoteza nguvu. Risasi za 9mm za kisasa, zile za ncha yenye tundu zinazotanuka, zimeboreshwa mno, na FBI wenyewe walirudi kwenye 9mm.

Ncha hizo zenye tundu ndizo tatizo la pili. Mwaka 1911 risasi ilikuwa ya ncha ya mviringo, na mteremko unaoipandisha hadi chembani ulikatwa kwa ajili ya umbo hilo. Bastola nyingi za mchoro wa zamani zinakwama ukizilisha kitu kingine. Yangu ilikuwa ikinikwamia mara kwa mara na magazini za bei rahisi; midomo ya magazini ilikuwa inaachia risasi mapema. Nilipoweka magazini nzuri zaidi, ikatulia. Ikabaki tabia moja ya kuacha ganda njiani.

Nikampelekea mzee mmoja fundi wa bunduki. Aliifungua slaidi, akachomoa ndoano ndefu inayovuta ganda, ambayo katika 1911 ni kipande kimoja cha chuma cha springi. Akaishika katikati, akaikunja kidogo sana kwa mkono, akairudisha. Kisha akachukua risasi ya mazoezi isiyo na baruti, akaitelezesha chini ya ndoano, akaitikisa slaidi. Risasi ikaanguka. Akaitoa, akaikunja tena kiasi cha unywele. Safari hii akatikisa na risasi ikabaki imeng'ang'ania. "Sasa imeshika," akasema, na hadi leo imeshika. Mimi nilifurahi kuangalia mikono inayojua kazi. Ila jiulize: ukiwa na bastola ya kisasa, unanunua kipande kipya, unakiweka, basi. 1911 ilibuniwa wakati kila kiwanda kilikuwa na mafundi wa kupatanisha vipande kwa mkono, na bado inamtaka mtu wa namna hiyo.

Tatu ni namna ya kuibeba. 1911 hubebwa risasi ikiwa chembani, nyundo imekokiwa, sefti (kizuizi cha kufyatua) imepandishwa. Ukiiona kwa mara ya kwanza unaogopa. Kiusalama iko vizuri: kuna sefti ya dole gumba, na kuna ya pili nyuma ya mpini isiyoachia mpaka uukamate sawasawa. Shida ni kwamba dole gumba lazima lijue kuishusha sefti bila wewe kufikiri. Mtu asiyefanya mazoezi, siku ya hofu atabana kifyatulio na hakitakwenda popote. Hilo ndilo linalonifanya nikatae kumshauri anayeanza.

Wapo wanaoitumia kazini hadi sasa. Kikosi cha Marine cha Marekani kiliagiza toleo lake liitwalo M45A1 kutoka Colt mwaka 2012, ingawa baadaye kiliiacha, na vikosi maalumu kadhaa vya polisi hapa wanatumia zile ziitwazo 2011, zenye kifyatulio kilekile lakini magazini nene ya 9mm. Nimeifyatua moja ya rafiki yangu. Ni tamu, na bei yake ni ya mshahara wa mwezi wa watu wengi.

Kwa wageni wa hapa: ukiwa raia au una green card unaweza kununua kwa kujaza fomu na kukaguliwa rekodi. Ukiwa kwa viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida hairuhusiwi, na usikubali mtu akununulie kwa jina lake. Ni kosa la jinai. Na wenye watoto, kasha la kufuli si hiari. Texas inamwadhibu mtu anayeiacha silaha yenye risasi mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia.

Ukitaka ya mitumba, omba kwanza kuifungua. Angalia kiungo na pini yake kama havijalegea, tikisa bushi mdomoni, jaribu ndoano kwa risasi ya mazoezi kama yule mzee, na ukiipata badilisha springi ya slaidi kabla ya jambo jingine. Weka pesa ya magazini nzuri katika bajeti toka mwanzo. Kama mfuko wako haupendi gharama ya .45, zipo za umbo kamili za 9mm zenye mpini mwembamba uleule, na ndiyo ambayo mke wangu ameshaiagiza.