"Anakua kulingana na tangi": duka la samaki lililonichefua

Jina la duka silitaji, ila sisi tunaofuga samaki wa mapambo hapa Dar wengi tunalifahamu. Niwape kwanza haki yao: maji yao masafi, samaki wana afya, na filta niliyonunua kwao inapiga kazi mpaka leo. Kilichonichefua ni muuzaji mmoja na jibu lake.

Kulikuwa na visamaki vya rangi ya fedha, vina mistari myeusi ubavuni, urefu wa kidole. Nikauliza ni samaki gani.

"Papa."

Papa gani, kaka?

"Papa wa maji baridi."

Akikomaa anafika wapi? Akanijibu bila hata kunitazama: "Anakua kulingana na tangi lako." Nikatoa simu nipige picha nikamtafute mwenyewe, akaziba kioo kwa mkono. Picha haziruhusiwi. Nilipouliza tena akasema, "Dada, unanunua au unafanya utafiti?" Watu kwenye foleni wakacheka. Mwanangu alikuwa ameshachagua wawili, tukalipa.

Haikupita miezi mingi wakawa wamezidi kiganja. Mtu akipita tu sebuleni wanashtuka, wanajibamiza kwenye kioo mpaka pua zinachubuka. Nikatafuta hadi nikampata: Pangasianodon hypophthalmus, jamii ya kambale kutoka Mto Mekong, huyuhuyu anayefugwa Vietnam na minofu yake kuuzwa nje. Anaweza kuzidi mita moja na kupita kilo 40. Tangi langu ni la lita 200!

Na kumtambua wala si kazi. Hana magamba, ana jozi mbili za sharubu, na mgongoni karibu na mkia ana kipezi kidogo cha nyama. Yupo mwingine wanayemwita papa vilevile, mwenye magamba ya fedha na mapezi yenye kingo nyeusi. Huyo ni Balantiocheilos melanopterus, naye anafika sentimita 35. Wa tatu wanayemwita papa, yule mweusi mwenye mkia mwekundu, ndiye anayeishia sentimita 12 hadi 15. Muuzaji anawajua wote watatu, maana kila mmoja ana bei yake. Kwa nini asiseme?

Halafu hilo la "kulingana na tangi" ni uongo unaoua. Samaki aliyebanwa anadumaa kama mtoto aliyekosa lishe: maji yanajaa uchafu wake mwenyewe, uti wa mgongo unaweza kupinda, na anakufa mapema wakati angeishi miaka mingi. Maneno hayohayo niliwasikia wakimwambia mama mmoja aliyekuwa ananunua msafisha kioo, yule mwenye mdomo wa kunyonya. Huyo naye anaweza kufika karibu nusu mita.

Nikarudi nao kwenye ndoo, sikudai hata hela yangu. Nilitaka wawapokee tu. Muuzaji yuleyule akanijibu: "Si mle tu, dada? Au kamwage mtoni."

Kamwage mtoni! Mimi ni mtu wa Mwanza. Sangara, mgeni anayekula samaki wenzake, alipandwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, visamaki vya asili tulivyokuwa navyo, zimepotea. Mtu anayeuza samaki wa kigeni kila siku anatamka neno hilo mbele ya wateja kana kwamba anazungumzia maji ya kufulia.

Nilitaka kuandika kwamba chakula na filta nunueni kwao, samaki tu ndio msinunue. Sasa nikiandika haya hasira inanipanda upya: msinunue hata chakula. Samaki wangu wawili bado wako nami, natafuta mwenye bwawa kubwa lisilounganika na mto, na kila siku wanazidi kurefuka.

Tajiri wa duka, kama unasoma: bandika kwenye kila tangi karatasi yenye jina la kisayansi na urefu wa samaki akikomaa, na uruhusu picha. Ukifanya hivyo narudi, maana samaki wenu kweli wana afya. Ila huyo kijana asinihudumie mimi.