OpenWrt nyumbani: faiba ikikata, modemu ishike zamu

Mtaani kwetu Dar faiba hukatika ovyo, hasa wanapopita wachimba mitaro. Nyumbani kuna wanaofanya kazi na wanaosoma kwa mtandao, kwa hiyo nilitaka faiba ikilala, modemu ya USB yenye laini ya simu iendelee bila mtu kuinuka kwenye kiti. Ruta tuliyopewa na kampuni ya faiba haikuwa na uwezo huo, nikaamua kuweka OpenWrt kwenye ruta nyingine.

Kwa asiyeijua, OpenWrt ni mfumo wa Linux unaoingizwa ndani ya ruta badala ya ule iliyotoka nao kiwandani. Ulianza mwaka 2004, ukitokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G, na ni wa bure. Kabla hujatoa hela yako dukani, tazama orodha ya ruta zinazokubalika kwenye tovuti yao, hadi toleo la kifaa lililoandikwa chini ya boksi, maana jina moja la ruta linaweza kuwa na matoleo yenye vifaa tofauti kabisa ndani. Flashi (hifadhi ya mfumo) ya MB 8 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya MB 64 ndiyo kima cha chini, na hapo utabanwa. Mimi ningesema MB 16 na MB 128, na tundu la USB liwepo.

Modemu za zamani zina vituko. Ukiichomeka, kwanza inajitambulisha kama CD yenye programu za Windows, na ruta haioni modemu yoyote. Kifurushi cha usb-modeswitch ndicho kinachoigeuza. Ongeza comgt, kmod-usb-serial-option na luci-proto-3g, vifurushi vya kuiwezesha ruta kuzungumza na modemu, na uvipakue vyote mapema faiba ikiwa hai. Ukingoja ikatike utavipakulia wapi? Baada ya hapo unajaza APN (jina la lango la intaneti la kampuni yako ya simu), unachagua /dev/ttyUSB0, yaani mlango ambao ruta inaionea modemu, na pppd, programu ya kuunganisha, inapiga *99# kama enzi zile za modemu za waya wa simu. Ikipokelewa, unapewa anwani na seva za majina (DNS), zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba.

Upande wa njia ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Kila mlango wa nje unapewa metriki, na yenye namba ndogo ndiyo hushinda: faiba 10, modemu 20. Tatizo ni kwamba faiba ikikatika huko barabarani, kile kiboksi cha ukutani bado kina umeme na waya wake kwenye ruta bado unawaka taa. Ruta inaona mlango uko wazi, inaendelea kusukuma kila kitu kwenye shimo. Dawa ni mwan3, kifurushi kinachopiga ping, yaani kutuma ujumbe mdogo na kungoja jibu, nje kupitia kila mlango na kuuondoa kwenye zamu ule usiojibu.

Kilichonila muda ni majina. Faiba ilikata, mwan3 ikahamia modemu, `ping 8.8.8.8` ikajibu vizuri, lakini kurasa zikawa zinasuasua: hii inafunguka, ile inazunguka tu. Watu wa nyumbani wakasema mtandao ni mbovu. Njia ilikuwa nzima kabisa. Ruta ilikuwa bado inazikumbuka seva za majina ilizopewa na kampuni ya faiba, na seva za namna hiyo kwa kawaida hazimhudumii anayetokea mtandao wa kampuni nyingine. Ni kama kupeleka kadi ya zahanati ya kazini kwenye hospitali usikosajiliwa. Nikaweka `peerdns` kuwa 0 kwenye milango yote miwili, ili ruta isichukue seva za majina inazopewa na kampuni, nikaandika seva za 1.1.1.1 na 8.8.8.8, ambazo hujibu popote utokako. Kusuasua kukaisha.

Hapo likazuka jingine. Ukurasa wa kampuni ya simu wa kununulia bando ukagoma kufunguka, wakati kila kitu kingine kinafunguka. `logread`, amri ya kusoma kumbukumbu za ruta, ikaniambia: possible DNS-rebind attack detected, yaani huenda kuna shambulio la kupotosha majina. Jina la ukurasa ule linaelekezwa kwenye anwani ya ndani inayoanza na 10, na dnsmasq, ambayo ndiyo hushughulikia majina ndani ya OpenWrt, hutupa majibu ya namna hiyo kwa usalama. Sipendekezi kuuzima ulinzi wote kama wengi wanavyoshauri. Ongeza jina hilo moja kwenye `rebind_domain`, orodha ya majina yanayoruhusiwa, na kama linajulikana na seva za kampuni ya simu peke yake, elekeza maswali yake huko kwa mstari wa `/jina/anwani`. Mengine yaache yalindwe.

Kwangu hii ndiyo thamani ya OpenWrt. Spidi haiongezi hata kidogo, lakini inakuonyesha kidonda kilipo: `ip route` kwa njia, `nslookup` kwa majina, `logread` kwa kumbukumbu, basi. Ruta ya kampuni ilikuwa na taa nyekundu na namba ya huduma kwa wateja.

Usitarajie miujiza, hata hivyo. Kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 2024, faiba na laini za simu ziliyumba pamoja, na hakuna metriki inayotibu hilo. Pia wakati wa kuhama, simu ya video hukatika kwa kuwa anwani ya nje imebadilika, unapiga upya. Na kama huna moyo wa kuandika amri, mtafute kijana anayeijua Linux akuwekee, maana kuingiza mfumo usio wa ruta yako kunaweza kuiua kabisa.

Kitu cha mwisho kukipanga ni bando. Televisheni nimeiwekea kanuni kwenye mwan3 isipite kwenye modemu hata iweje, kwa sababu jioni moja ya tamthilia iliwahi kumaliza GB zote za wiki.